Siku nne Bath na vilima vyake: jibu kwa msomaji wa Tanga

Swali: Mwezi wa Septemba mimi na mama yangu, mwenye umri wa miaka 71, tutakwenda Uingereza kumtembelea mdogo wangu anayeishi Reading. Nimesoma habari za mji wa Bath na maji moto yaliyojengewa na Warumi. Kwa kuwa sisi watu wa Tanga tumezoea maji ya kiberiti ya Galanos pale Amboni, mama anatamani sana kuyaingia hayo ya Bath, akitumaini yatampunguzia maumivu ya magoti. Mdogo wangu anasema siku moja inatosha. Mimi nimetenga nne, kwa sababu nataka kuona na mashamba. Nani yuko sahihi? Na je, nikodi gari?

Jibu: Dada yangu, nifikishie shikamoo kwa mama. Nianze na lile litakalomsikitisha: katika bwawa kubwa la Warumi, lile linaloonekana katika picha zote, haogi mtu. Hata kuchovya mkono kumekatazwa, na wafanyakazi hupita mara kwa mara wakiwakumbusha wageni. Sakafu ya bwawa hilo imetandikwa mabamba ya madini ya risasi tangu enzi za Warumi wenyewe, na maji ni ya kijani kwa sababu paa lililokuwa likiyafunika lilianguka zamani, jua likapata nafasi ya kuotesha mwani. Pa kuoga papo, tena kwa maji yale yale, ila ni mahali pengine, nami nitapaeleza.

Kuhusu ubishi wako na mdogo wako, ninakuunga mkono wewe, ingawa si kwa sababu ya wingi wa vivutio. Bath ni mji mdogo. Mwenye miguu mizima hukata katikati yake kwa muda mfupi tu. Siku nne zinafaa kwa sababu karibu kila kilichoujenga mji huo kilitoka nje yake. Maji yalitoka vilima vya Mendip vilivyo upande wa kusini-magharibi, mawe yalitoka kilima cha Combe Down kinachoutazama mji kwa juu, na sehemu ya fedha ilitoka ng'ambo ya bahari. Anayeshuka treni asubuhi, akalitazama bwawa, akanywa chai na kurudi Reading jioni, ameona mahali mambo hayo yalipokutana lakini hajaona yalikotoka, na kwa maoni yangu uzuri wa safari uko huko yalikotoka.

Chukua maji kwanza. Mvua inayonyesha Mendip huzama katika miamba ya chokaa na kushuka zaidi ya kilomita mbili chini ya ardhi, ambako joto la ardhi huyapasha maji. Kisha hupanda kwa shinikizo kupitia ufa wa miamba na kutokeza katikati ya Bath yakiwa na nyuzijoto zipatazo 46. Safari hiyo huchukua maelfu ya miaka, na kila siku hutoka zaidi ya lita milioni moja. Mama asitarajie ile harufu ya Galanos inayomlaki mtu kabla hajafika. Maji ya Bath hayanuki hivyo. Ukiyaonja mwishoni mwa ziara, mahali palipotengwa kwa ajili hiyo, utapata uvuguvugu na ladha ya chuma, kama maji yaliyolala ndani ya sufuria.

Mpaka mwaka 1978 watu walikuwa wakiogelea katika mabwawa ya mji yaliyojazwa maji hayo. Mwaka huo msichana mmoja alifariki kwa ugonjwa wa ubongo uliotokana na amiba aliyekuwamo majini, na uogaji ukasimamishwa. Ilibidi kuchimbwe visima virefu vya kuyadaka maji yakiwa bado chini kabisa, kabla hayajapita kwenye tabaka la juu linalohifadhi vijidudu, na ndipo mwaka 2006 likafunguliwa jengo jipya la kuogea liitwalo Thermae Bath Spa, hatua chache tu kutoka kwenye magofu ya Kirumi. Maji humo hupozwa hadi nyuzijoto 33 na kitu. Bwawa lililo juu ya paa, ambalo jioni hufuka mvuke huku mnara wa kanisa la Bath Abbey ukionekana kwa mbali, ndilo linalopendwa kuliko yote. Wanaume na wanawake huoga pamoja, na vazi la kuogelea ni lazima. Ikiwa jambo hilo litamkwaza mama, kuna jengo dogo la pembeni liitwalo Cross Bath, lenye bwawa lake lililo wazi juu na chemchemi yake lenyewe, ambalo kikundi huweza kulikodi peke yao kwa muda maalumu. Ni ghali kuliko tiketi ya kawaida, lakini mkiwa wanawake watatu au wanne wa familia moja mkagawana, si fedha ya kutisha. Pigeni simu mapema, mkaulize na habari ya vazi la kujisitiri, ili mambo yasianze kujadiliwa mlangoni.

Kuhusu magoti, sitamdanganya mzee. Maji ya uvuguvugu hubeba uzito wa mwili na kulegeza misuli, kwa hiyo akiwa ndani atajisikia mwepesi, na huenda usiku ule akalala vizuri. Kuponya ni jambo jingine. Akiwa na shinikizo la damu au tatizo la moyo, amwone daktari wake wa Tanga kabla ya safari. Hata hivyo, waliomtangulia hawakuwa wajinga kabisa. Katika karne ya 18 walifika Bath wagonjwa wengi waliopooza kwa sumu ya risasi iliyokuwa katika rangi, katika vyombo na hata katika vileo, na leo inajulikana kwamba kuketi majini hadi shingoni kwa muda mrefu husaidia figo kuutoa mwilini uchafu huo. Baadhi yao walitembea tena. Hospitali ya maji moto iliyofunguliwa mwaka 1742 kwa ajili ya maskini wasio wakazi wa Bath iliwadai wagonjwa amana ya fedha siku ya kupokelewa: akipona, amana ikawa nauli ya kurudi kwao, akifa, ikalipa maziko.

Siku ya kwanza, basi, iwe ya maji. Ingieni katika makumbusho ya mabafu ya Kirumi mara tu yanapofunguliwa asubuhi, kabla makundi ya mabasi ya London hayajafika, na mnunue tiketi mapema kwa intaneti, tena kwa siku ya katikati ya wiki, kwa kuwa bei hupanda Jumamosi na Jumapili. Lifti zipo. Mtashuka mita kadhaa chini ya barabara ya leo, maana mji umejengwa juu ya mji. Wengi hukimbilia bwawani wakapiga picha. Mimi huwapeleka wageni wangu kwanza kwenye kabati la vioo lenye vipande vidogo vya risasi na bati, vyembamba kama karatasi, vilivyokunjwa au kuviringwa. Vimepatikana takriban 130 ndani ya chemchemi. Juu yake watu walioibiwa waliandika, kwa Kilatini kibovu mara nyingi, malalamiko yao kwa mungu wa kike aliyeitwa Sulis Minerva, wakavitupa majini. Mmoja aitwaye Docimedis alipoteza glavu zake mbili, akaomba aliyeziiba apoteze akili na macho yake humo humo hekaluni. Glavu mbili tu! Mtu wa Tanga haelezwi maana ya kusomewa Albadiri, kwa hiyo mama ataelewa jambo hilo upesi kuliko Waingereza wanaolitazama kama kichekesho. Mzee mmoja wa Pemba niliyemwongoza alisimama pale kwa muda mrefu, kisha akasema polepole, "Kumbe na hawa walikuwa nayo."

Siku ya pili ni ya mawe, na hapa inabidi mpange kwa kuyahurumia magoti, kwa sababu mji umo ndani ya bakuli na kila kitu cha kifahari kiko ukingoni. Pandeni teksi au basi hadi juu, kisha mshuke taratibu kwa miguu. Chagueni pia nyumba ya wageni iliyo bondeni, karibu na stesheni au mto Avon, hata kama picha za zile za juu zinavutia zaidi, na mwahi kuiweka nafasi, kwa kuwa Septemba hufanyika tamasha la mwandishi wa riwaya Jane Austen na mji hujaa watu waliovaa kofia na magauni ya miaka 200 iliyopita.

Jiwe la Bath ni la chokaa, lenye rangi iliyo kati ya maziwa na asali. Linapotoka ardhini ni laini kiasi cha kukatwa kwa msumeno, nalo hugumu likipigwa na hewa, jambo ambalo halitamshangaza mtu wa pwani anayejua kwamba mafundi wa zamani walichonga mihrabu katika matumbawe yangali mabichi. Ralph Allen, aliyetajirikia katika shughuli za posta, alinunua machimbo ya Combe Down katika miaka ya 1720, akatandika reli za mbao kuteremshia mawe hadi mtoni. Msanifu John Wood alilitumia jiwe hilo kujenga mji aliouota akiwa na Roma kichwani. Alianza duara la nyumba liitwalo The Circus mwaka 1754, akafariki mwaka huo huo. Mwanawe, naye John Wood, ndiye aliyelimaliza, kisha kati ya 1767 na 1775 akajenga Royal Crescent, safu ya nyumba 30 iliyopindwa kama mwezi mwandamo, yenye nguzo 114 mbele yake.

Mkifika hapo, fanyeni jambo moja ambalo wageni wengi hawalifanyi: zungukeni nyuma. Kwa mbele, nyumba zote 30 zimelingana utadhani ni kasri moja. Kwa nyuma ni vurugu tupu: paa hili refu, lile fupi, madirisha yasiyopatana, vyumba vilivyoongezwa kila mmoja kwa mkono wake. Sababu ni kwamba msanifu alisimamia uso tu. Kila mwenye kiwanja alijenga kilichobaki kwa fundi wake na mfuko wake. Nyingi zilijengwa za kupangishwa kwa msimu, kwa watu waliokuja kuoga, kucheza kamari na kuozesha mabinti kwa kufuata desturi zilizowekwa na Richard Nash, mshereheshaji mkuu wa mji tangu mwanzoni mwa karne hiyo hadi alipofariki mwaka 1761, aliyewakataza mabwana kuvaa panga mjini na buti katika dansi, na kuamuru muziki unyamaze saa tano ya usiku, hata kama aliyeomba wimbo mmoja zaidi alikuwa binti wa mfalme.

Sasa zile fedha. Baadhi ya waliopanga na kujenga nyumba hizo waliishi kwa jasho la watumwa wa Kiafrika katika mashamba ya miwa ya Karibi. Kwa muda mrefu waongozaji wengi hawakulisema hilo. Siku hizi linasemwa. Ushahidi ulio wazi kabisa uko kwenye kilima cha Lansdown, mnara uliokamilika mwaka 1827 wa William Beckford, aliyerithi mashamba ya Jamaica pamoja na watu waliomilikiwa humo. Leo ni makumbusho. Ngazi zake ni 154, kwa hiyo mama asubiri chini.

Siku hiyo hiyo nashauri mpande basi la kuelekea magharibi hadi Newbridge, kwenye nyumba ya Kelston Road iitwayo Fairfield House. Waitalia walipoiteka Addis Ababa Mei 1936, Haile Selassie, mfalme wa Ethiopia, alikimbilia Uingereza, na mwaka huo huo akaja Bath kupumzika. Alipapenda, akanunua nyumba hiyo na kuishi humo na familia yake hadi 1940. Alirejea Addis Ababa tarehe 5 Mei 1941, kampeni iliyowahusu pia vijana wa Keya (jeshi la kikoloni la King's African Rifles) kutoka Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasa walioingia vitani upande wa kusini. Mwaka 1958 aliikabidhi nyumba kwa mji itumike kwa ajili ya wazee. Bado inatumika hivyo, na Wahabeshi na Marasta hukusanyika hapo. Haifunguliwi kwa wageni kila siku, basi angalieni ratiba. Sijawahi kumpeleka hapo mzee wa Afrika Mashariki asiyeanza kusimulia habari za jamaa yake aliyekwenda Abisinia, yaani Ethiopia.

Gari msikodi. Leseni ya Tanzania ingekubaliwa, kwa kuwa mgeni huruhusiwa kuitumia hadi miezi 12, na kule hupita kushoto kama kwetu. Tatizo ni maegesho ya Bath, ambayo ni haba na ghali, na vile vijia vya mashambani vyenye nyua za miti pande zote mbili, ambamo magari mawili yakikutana mmoja hana budi kurudi nyuma hadi mahali palipopanuka. Treni ya moja kwa moja kutoka Reading hadi Bath huchukua kama saa moja, na mkishafika, treni ndogo na mabasi yatawatosheleza.

Siku ya tatu fuateni mfereji. Kennet na Avon ni mfereji uliokamilika mwaka 1810 ili mashua ziweze kuvuka kutoka Bristol hadi Reading, kwa mdogo wako. Njia nzima, pamoja na sehemu za mito, ni kilomita 140 hivi. Kandokando yake iko njia waliyopita farasi wakivuta mashua, na uzuri wake kwa mama ni kwamba maji ya mfereji hayapandi kilima, hivyo njia nayo ni tambarare. Pandeni treni ya kuelekea Bradford-on-Avon, lakini mshuke kituo kimoja kabla, Avoncliff. Ni kituo cha kuomba: mwambieni kondakta mapema kwamba mnashuka, kama mtu anayesema "shusha" ndani ya daladala, na mketi katika behewa atakaloelekeza, kwa sababu jukwaa ni fupi na si milango yote inayofunguliwa. Mimi nilijifanya mjuzi, nikaketi behewa la mwisho na wageni wawili, tukakiona kituo kikipita dirishani tukiwa tumesimama na mabegi yetu.

Avoncliff kuna daraja la mawe linalobeba mfereji juu ya mto, mashua zikielea juu na maji ya mto yakipita chini. Kutoka hapo hadi Bradford ni kilomita mbili hivi, chini ya miti, mkipishana na bata, waendesha baiskeli wanaopiga kengele, na mashua nyembamba ambazo watu wanaishi humo, kuni na vyungu vya maua vikiwa juu ya paa. Mwisho wa matembezi mtaliona ghala la zaka la karne ya 14, lenye urefu wa mita 51 hivi, ambamo watawa wa kike wa Shaftesbury walipokea fungu la kumi la mavuno ya wakulima. Kuingia ni bure. Ingieni, mkae kimya, mtazame mbao za paa zinavyoshikana. Mjini kwenyewe lipo kanisa dogo la kabla ya Wanormani kutoka Ufaransa kuivamia Uingereza mwaka 1066, ambalo kwa karne nyingi lilitumika kama shule na makazi hadi watu wakasahau kwamba ni kanisa. Padri wa miaka ya 1850 ndiye aliyeligundua tena alipoyatazama mapaa ya mji kutoka juu ya kilima.

Mtaambiwa na wengi msiache kwenda kwenye duara la mawe ya kale la Stonehenge na kijiji cha Castle Combe. Kwa siku nne na magoti hayo, mimi ningeyaacha yote mawili. La kwanza litawala siku nzima barabarani, na la pili, bila gari, lina usumbufu usiolingana na faida yake.

Siku ya nne, badala yake, pandeni basi katika kituo cha karibu na stesheni ya Bath hadi Wells, safari ya zaidi ya saa moja. Beba sweta la mama na mwavuli, kwa kuwa basi hilo hupanda Mendip, na Mendip ndiko mvua inakoanzisha habari yote hii. Mtapita Radstock, ambako zamani kulichimbwa makaa ya mawe. Moshi wa makaa ndio uliozifanya nyumba za Bath kuwa nyeusi kwa vizazi kadhaa kabla hazijasafishwa. Wells ina kanisa kuu lenye matao mawili yaliyopandana kama mkasi, yaliyojengwa kati ya 1338 na 1348 kuuzuia mnara uliokuwa ukididimia, na saa ya mwishoni mwa karne ya 14 ambayo kila robo saa hutoa wapanda farasi wadogo wanaopigana, na kila mara ni yule yule anayeangushwa.

Jina la mji huo, hata hivyo, linatokana na chemchemi zilizo katika bustani ya jumba la askofu. Maji hayo nayo ni mvua ya Mendip, ila hayakwenda mbali chini ya ardhi. Yamepita mapangoni na kutoka yakiwa baridi na safi. Mwaka 1451 Askofu Thomas Beckington aliwapa wenyeji haki ya kuchukua maji yanayozidi mahitaji ya jumba lake, na mpaka leo yanatiririka katika mifereji midogo ya mawe kandokando ya barabara kuu ya maduka, mbele ya duka la mikate na la simu. Mketisheni mama karibu na hapo. Akitaka kuinama na kutia mkono, hakuna mlinzi atakayemkataza.